Sura ya Obama, Picha ya Garcia, Bango la Fairey

Hata kama jina la Shepard Fairey hulijui, kazi yake umeshaiona. Ni ile sura ya Barack Obama iliyogawanywa katika vipande vya rangi nyekundu, krimu na buluu za aina mbili, macho yakitazama juu kidogo, na chini yake neno moja kwa herufi nene: HOPE, yaani tumaini. Mwaka 2008 ilianzia kwenye kuta na nguzo za miji ya Marekani. Kabla mwaka haujaisha, fulana za Obama zilishajaa kwenye masoko yetu, na wachoraji wa matatu walishapata sura mpya ya kuweka karibu na Bob Marley na Tupac. Kwa Wakenya lilikuwa jambo la nyumbani, maana baba yake alikuwa mtu wa Kogelo, na Rais Kibaki aliitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko.

Sasa uliza swali dogo: picha ile ni ya nani? Sura ni ya Obama. Kamera iliyoinasa ilikuwa mikononi mwa mpiga picha aitwaye Mannie Garcia. Shirika la habari la Associated Press, AP, likasema picha ni mali yake. Fairey akasema bango ni kazi yake. Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho New York mwaka 2009, watu wakavutana karibu miaka miwili, ikaisha bila jaji kutamka nani alikuwa na haki. Ukiufuata uzi wa kesi hiyo hadi ulikoanzia, utakuta bango la Obama halikuleta tatizo jipya. Tatizo lilikuwa ndani ya aina hii ya sanaa, ya picha zinazobandikwa mitaani, tangu mwanzo, kwa sababu inaazima mara mbili. Inaazima picha za watu, inaazima na kuta za watu, na mara zote mbili mwenye mali haulizwi.

Mikopo miwili

Mkopo wa kwanza ni wa sanaa ya popu. Katika miaka ya 1950 na 1960, wasanii kadhaa wa Uingereza na Marekani waliacha mandhari na watakatifu, wakageukia vitu vya dukani: makopo, katuni, matangazo ya magazeti, sura za waigizaji. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's, mmoja kwa kila ladha. Mwaka huohuo akachukua picha ya Marilyn Monroe iliyopigwa kwa ajili ya kutangaza filamu, akaichapa kwa skrini, yaani kitambaa chembamba kinachopitisha wino, tena na tena, kwa rangi za kupiga kelele. Marilyn mwenyewe hakumpiga picha wala hakuhitaji kumpiga. Hoja yake ilikuwa kwamba Marilyn tunayemfahamu sisi ndiye huyo wa kwenye tangazo, mwingine hatumjui.

Wenye picha hawakukaa kimya, hata enzi hizo. Mwaka 1964 Warhol alitengeneza mfululizo wa maua kutokana na picha ya haibiskasi aliyoiona kwenye jarida la wapiga picha. Aliyeipiga, Patricia Caulfield, akamshtaki mwaka 1966, na wakamalizana kabla ya hukumu. Kumbuka hilo, maana hadithi hii hupenda kuisha hivyo.

Mkopo wa pili ni wa mtaani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Philadelphia na New York walikuwa wakiandika majina yao kwenye kuta na mabehewa ya treni. Picha ya mtu hawakuchukua, walichukua nafasi. Mwenye ukuta anataka ukuta mtupu au tangazo lililolipiwa, na hapo katikati kijana anapita na kopo la rangi.

Aliyeyaleta mambo haya mawili karibu kuliko wote alikuwa Keith Haring. Kuanzia mwaka 1980 alikuwa akishuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za New York, anatafuta fremu za matangazo ambazo hazikuwa na mteja na zilifunikwa kwa karatasi nyeusi, anachora kwa chaki nyeupe, anaondoka. Mwaka 1986 akafungua duka katika mtaa wa Lafayette akaliita Pop Shop, akauza fulana na beji zenye michoro yake. Wapo waliosema amegeuka mchuuzi. Lakini watoto wake wanaotambaa na mbwa wake wanaobweka vilikuwa vyake mwenyewe, alivibuni kichwani. Fairey alikwenda mbali zaidi: alichukua picha ya mtu mwingine, akaibandika kwenye ukuta wa mtu mwingine.

Mwanamieleka wa Providence

Fairey alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1970, akasoma sanaa katika chuo cha Rhode Island School of Design mjini Providence. Mwaka 1989, akiwa mwanafunzi anayefanya kazi kwenye duka la skeitibodi, alitaka kumfundisha rafiki yake namna ya kukata stensili, yaani karatasi iliyotobolewa umbo ili rangi ipite. Wakafungua gazeti kutafuta picha ya mazoezi, wakakuta tangazo la mieleka lenye uso wa André the Giant, Mfaransa aliyekuwa mkubwa kama mlango. Ikatoka stika: uso wa André, kimo chake cha futi 7 na inchi 4, uzito wake wa ratili 520, na maneno ya kitoto kwamba André ana genge lake.

Ulikuwa mzaha wa vijana wa skeitibodi. Lakini stika zilipoenea, watu wakaanza kuulizana. Ni bendi? Ni dini? Ni kiatu kipya? Hakukuwa na kitu kinachouzwa. Hapo Fairey alishika jambo ambalo ameliishi hadi leo. Macho ya watu wa mjini yamezoea kwamba kila picha iliyobandikwa inauza kitu, kwa hiyo yanaipita bila kuiona. Weka picha isiyouza chochote, mtu atasimama. Mwaka 1990 alijaribu kwa ukubwa zaidi: Buddy Cianci, aliyekuwa akigombea umeya wa Providence, alikuwa na bango kubwa barabarani, na Fairey akabandika uso wa André juu ya uso wa mgombea.

Zana zake zilikuwa za kimaskini. Gundi yake kuu ni unga wa ngano uliochemshwa na maji hadi ukawa mzito, uji tu, ileile ambayo huku kwetu wabandikaji wa mabango ya muziki na ya wagombea wanaijua, na watoto wanagundishia tiara. Inaingia ndani ya karatasi, na ikikauka, mwenye ukuta atakwangua wiki nzima. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Bango linatengenezwa nyumbani kwa utulivu, kwa kisu na taa nzuri, kisha ukutani unakaa dakika moja. Mwenye kopo la rangi anachorea pale pale huku masikio yake yako kwa polisi. Ndiyo maana kazi za Fairey zina ncha kali na mistari safi kama kitu kilichotoka kiwandani.

Mwaka 1994 kampuni ya mieleka ya Titan Sports ilitishia kumshtaki. Fairey akaliondoa jina la André, akaupunguza uso hadi yakabaki macho, pua na mdomo vikielea ndani ya weusi, akaweka neno OBEY, yaani tii. Neno hilo alilitoa kwenye filamu ya They Live ya mwaka 1988, ambamo mtu akivaa miwani fulani anaona amri zilizojificha nyuma ya matangazo. Herufi nyeupe ndani ya kibandiko chekundu ni mtindo unaojulikana wa msanii Barbara Kruger. Nyekundu, nyeusi na mistari ya mshazari ni ya mabango ya Urusi ya Kisovieti ya miaka ya 1920, ya wasanii akina Rodchenko. Uso ni wa mwanamieleka. Ukivirudisha vyote kwa wenyewe, Fairey anabaki mikono mitupu, na bado ukiiona nembo ile popote duniani unajua ni yake. Wanaomwita mwizi wanatazama vipande, wanaomwita fundi wanatazama mshono, ndiyo maana hawaafikiani.

Mwaka 2001 nembo hiyo ikawa kampuni ya nguo, OBEY Clothing. Neno lililowekwa ukutani ili mtu ayashtukie matangazo likashonwa kwenye kofia za kuuza. Nakiri kwamba hapo huwa nacheka.

Neno moja chini ya picha

Januari 2008 Fairey alitafuta picha ya Obama kwenye intaneti, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Kilichofuata kinastahili kuelezwa taratibu, maana kesi yote imesimama juu yake. Picha ya kamera ina maelfu ya vivuli. Unaigawa katika ngazi chache: giza kabisa, giza la wastani, mwanga wa wastani, mwanga kabisa. Kila ngazi unaipa rangi moja bapa, na sehemu moja unaipiga mistari ya mlalo ili jicho lidhani kuna ngazi nyingine katikati. Vinyweleo, mikunjo ya ngozi, taa za ukumbini na watu wa nyuma vyote vinapotea. Umbo linabaki: pembe ya kichwa, mstari wa taya, macho yanakoelekea.

Pembe ya kichwa na mwelekeo wa macho Fairey hakuvibuni. Vilinaswa na mtu aliyeinua kamera sekunde ile. Rangi ndizo za Fairey: za bendera ya Marekani, lakini zimechujuka kama bango la zamani lililopigwa jua. Hakuna hata chembe ya rangi ya ngozi. Mwanasiasa mweusi, katika nchi ile, amepakwa nyekundu na buluu, na kila mpiga kura anaweza kumwona wa kwake. Kwangu mimi huo ndio ubunifu mkubwa zaidi kwenye bango lile.

Yalichapwa mabango 700 kwanza, 350 ya kuuza na 350 ya kubandika mtaani. Neno lililokuwa chini lilikuwa PROGRESS, maendeleo. HOPE lilikuja baadaye kidogo, kwa kuwa watu wa kampeni walilipenda zaidi, na walijua wanachofanya. Yeyote aliyelelewa na kanga ataelewa mara moja. Mji na pindo vinaweza kupendeza, lakini watu wanaulizana jina: inasemaje? Mwaka huohuo ilitoka kanga ya Obama yenye sura yake na jina lisemalo "Upendo na amani ametujalia Mungu", na ilivaliwa. Bango la Fairey ni kanga ya ukutani. "Maendeleo" ni deni la mgombea, unaweza kumdai kesho. "Tumaini" ni la anayesoma. Analibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Tarehe 22 Februari 2008 Obama alimwandikia Fairey barua ya shukrani, akisema picha zake zinawagusa watu ziwe kwenye jumba la sanaa au kwenye alama ya barabarani ya kusimamisha magari. Mgombea urais, mwanasheria aliyesomea Harvard, anamshukuru mtu kwa kubandika karatasi kwenye alama za barabarani. Mwanzoni mwa mwaka 2009 makumbusho ya National Portrait Gallery mjini Washington yalishaipokea kazi asili.

Deni lilipodaiwa

Januari hiyohiyo Tom Gralish, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, aliyekuwa akiutafuta mzizi wa bango, alifikia picha ya Garcia. Ilipigwa Aprili 2006 katika National Press Club mjini Washington, kwenye mkutano kuhusu Darfur ambako mwigizaji George Clooney naye alikuwepo. Garcia alikuwa akifanya kazi na AP bila kuwa mwajiriwa wa kudumu. AP ikataka itajwe na ilipwe. Tarehe 6 Februari Fairey alikamatwa na polisi wa Boston akiwa njiani kufungua maonyesho yake mwenyewe katika Institute of Contemporary Art, kwa sababu ya mabango aliyobandika mjini. Tarehe 9 akawahi mahakamani New York kabla AP haijamshtaki, akiomba jaji atamke kwamba hakuvunja sheria. Mkopo wa ukuta na mkopo wa picha vikadaiwa ndani ya siku nne.

Alichoegemea ni kipengele cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinachoruhusu matumizi ya haki: unaweza kutumia kazi ya mtu bila ruhusa, ikiwa jaji akipima mambo manne ataona ni sawa. Wengi hudhani kuna kanuni, kama vile ukibadilisha asilimia fulani uko salama. Asilimia haipo. Kuna mizani tu.

Jambo la kwanza ni lengo. Picha ya Garcia inaarifu kwamba seneta fulani alikuwa mahali fulani. Bango linahamasisha. Hapo Fairey alikuwa na nguvu. La pili ni asili ya kazi iliyochukuliwa: picha ya habari inalindwa kwa wepesi kuliko hadithi ya kubuni, ingawa wapiga picha watakwambia kuchagua sekunde moja kati ya mamia nako ni kubuni. La nne, naliruka la tatu kwa makusudi, ni soko. Nani aliacha kununua picha ya Garcia kwa sababu ya bango? Labda hakuna. Lakini AP inaishi kwa kuuza leseni, na kila anayechukua bure anaziba mfereji mmoja wa mapato hayo.

La tatu ni kiasi. Umechukua kipande au umechukua chote? Fairey alisema alianza na picha inayomwonyesha Obama akiwa na Clooney, akakata kichwa kimoja tu. AP ikasema sivyo: alitumia picha nyingine ya Obama peke yake, karibu nzima. Oktoba 2009 Fairey akakiri kwamba AP walikuwa sahihi, na kwamba alipogundua kosa lake alifuta mafaili na kutengeneza mengine ya uongo ili kulificha. Mawakili wake wakaomba kujitoa.

Inauma ukifikiria kwamba uongo wenyewe haukuwa na haja. Ukweli ungemdhoofisha kwenye jambo moja kati ya manne, na la kwanza lilikuwa bado upande wake. Aliogopa kuonekana amechukua vingi, mtu ambaye kazi yake nzima ni kuchukua.

Garcia naye aliingia kwenye kesi akidai kwamba picha ni yake, kwa vile hakuwa mwajiriwa wa AP. Sasa wakawa wadai watatu juu ya shingo moja. Januari 2011 Fairey na AP walipatana: kila upande ukabaki na msimamo wake wa kisheria, wakagawana haki za kutengeneza na kuuza bidhaa za HOPE, na Fairey akakubali kutotumia tena picha ya AP bila leseni. Mafaili ya uongo yalishughulikiwa peke yake. Februari 2012 alikiri kosa la jinai la kudharau mahakama, na Septemba akahukumiwa miaka miwili ya uangalizi, saa 300 za huduma kwa jamii na faini ya dola 25,000.

Mwanga kidogo ulikuja mwaka 2023, kupitia Warhol, aliyekwishafariki tangu 1987. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili Warhol aitumie picha hiyo kwa mchoro mmoja. Yeye akatengeneza mfululizo wa 16. Prince alipofariki mwaka 2016, taasisi ya Warhol ililipwa takriban dola 10,000 kwa mchoro mwingine wa mfululizo uleule kutumika kwenye jalada la jarida, na Goldsmith hakupata hata senti. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa Goldsmith ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2. Majaji walisema kuongeza maana mpya hakutoshi ikiwa kazi zote mbili zinafanya kazi ileile sokoni, yaani kupamba habari za Prince magazetini. Nikiisoma hukumu hiyo kwa jicho la HOPE, naona bango lililobandikwa ukutani wakati wa kampeni lingeweza kupona, ila bango hilohilo likiuzwa kwa jarida linaloandika habari za Obama lingekwama. Inaelekea swali la nani mwenye picha linajibiwa kila mara upya, kutegemea picha imekwenda kufanya nini.

Mchoraji wa nganya, yaani matatu zilizopambwa, Nairobi asidhani mizani hiyo ni yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataja shughuli maalumu kama utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari, mlango mwembamba kuliko ule wa Marekani. Anapona kwa sababu mwenye picha yuko mbali na hajui.

Na Fairey akiwa mwenye mali? Mwaka 2008 msanii wa Austin, Baxter Orr, alichukua uso wa André wa OBEY akauvalisha barakoa ya hospitali, akauza. Alipokea barua ya mwanasheria wa Fairey akitakiwa aache. Mwaka 2015 jiji la Detroit likamwonyesha upande wa pili wa sarafu: alialikwa na kulipwa kuchora ukuta mkubwa wa jengo la katikati ya mji, na safari hiyohiyo akafunguliwa mashtaka ya kuharibu mali kwa mabango aliyodaiwa kubandika pengine. Jaji aliifuta kesi mwaka 2016. Mkono mmoja, mji mmoja, tofauti ni karatasi ya mkataba.

Januari 2017, Donald Trump alipokuwa akiapishwa, Fairey alitoa mabango mapya chini ya jina We the People. Linalokumbukwa zaidi ni la mwanamke Mwislamu aliyejifunga bendera ya Marekani kichwani kama hijabu. Rangi ni zilezile za HOPE, na macho safari hii yanakutazama wewe. Picha asili ilipigwa mwaka 2007 na Ridwan Adhami, aliyejua, aliyekubali na aliyetajwa kwa jina. Mabango hayo yalitoka pia kama kurasa nzima za matangazo katika gazeti la Washington Post, nafasi iliyolipiwa kama anavyolipa muuza magari. Watu walizichana kurasa hizo kutoka kwenye gazeti, wakaingia nazo barabarani.